Mbuzi wa Mwaka wa Mahindi ya Manjano

Katika kile kitabu kidogo walichowagawia watu siku ya mazishi ya mume wangu, waliandika majina yake matano. Stefano Nzioka. Baba Kioko. Fundi. Mzee wa Kanisa. Mwenyekiti wa Maji. Mjukuu wangu Mwende alinisomea ukurasa wa kwanza asubuhi ile, mimi nikiwa nimekaa kitandani navalishwa viatu, kisha akaniuliza, "Susu, kuna jina tumesahau?" Nikamwambia hapana, yametosha. Nilimdanganya mtoto wa watu. Mimi shule niliachia darasa la nne, na vitu vingi vimenipita, lakini jina halinipiti. Ukiniuliza leo nani walikuwa wakipanga foleni kwenye pampu ya Kitengela miaka arobaini iliyopita, nitakutajia mmoja mmoja, na punda wao nitakuonyesha alikuwa wa rangi gani. Nilijua kabisa jina la sita ni lipi. Nilinyamaza kwa sababu jina hilo lilikuwa langu pia, na mimi ndiye niliyelikataa.

Tulimzika hapa hapa nyumbani, nyuma ya nyumba, penye miti aliyopanda kwa mkono wake. Watu walijaa mpaka barabarani. Wakati vijana walikuwa wameshika sepetu tayari, nikaona watu wanapeana njia, na mama mzee wa Kimaasai anakuja pole pole, ameshikwa mkono na msichana, shanga zake zimefifia, macho yake yameingia ukungu. Nilimjua kwa hatua kabla sijamjua kwa uso. Ni Nasieku. Alisimama karibu na kaburi, akainua kichwa, akaita, "Pakine!" Watu walidhani anamwita marehemu. Lakini uso wake haukuangalia shimoni. Uliangalia upande wa viti vya familia, kiti cha kwanza, pale nilipokuwa. Akaita tena, "Pakine!" Nikaangalia viatu vyangu. Yule kijana wa kushika kipaza sauti akasema, "Asante sana shosho, tumesikia, Mungu akubariki. Naomba tusonge mbele, tuko nyuma ya saa." Sepetu zikaanza. Nilipoinua macho Nasieku alikuwa ameshapewa mgongo na umati, anarudi alikotoka. Hakungoja hata chakula.

Lazima nieleze hilo neno, kwa sababu hata wajukuu wangu wamezaliwa Kajiado na hawalijui. Wamaasai wakipeana mnyama, wanaacha kuitana majina waliyozaliwa nayo. Ukinipa kondoo, nitakuita Paker, na wewe utaniita Paker, mpaka mmoja wetu aende. Mbuzi ni Pakine. Ukiitwa hivyo, unaitika kwa neno hilo hilo. Si salamu tu. Asiyeitika amechukua undugu akautupa barabarani mchana watu wakiona. Mimi nimefanya hivyo mara mbili: mara moja juzi, mbele ya kaburi la mume wangu, na mara moja ule mwaka wa mahindi ya manjano, nikiwa na miaka ishirini na sita.

Huo mwaka ndio ninaokaa nao sasa, kila siku, tangu watoto waliporudi makwao. Ukikaa peke yako kwenye nyumba ya vyumba vitano, unarudi kukaa kwenye ile ya chumba kimoja. Ilikuwa ya mabati juu na kando, na saa saba mchana ilikuwa inalia yenyewe, tak, tak, kama mtu anarusha kokoto. Kitanda nilikificha kwa pazia la leso mbili zilizoshonwa pamoja. Meza Nzioka aliitengeneza kwa mbao za kreti. Tulikuwa na stuli mbili, sufuria tatu, na kikombe kimoja cha bati chenye mdomo wa bluu ambacho mgeni hakupewa, maana kilikuwa cha maziwa ya Kioko, mtoto wetu wa kwanza. Nje hapakuwa na kitu. Leo ukisimama hapo unaona magorofa na nguo zimeanikwa ghorofa ya nne. Siku hizo ulikuwa unaona vumbi, na nyuma ya vumbi ni vumbi lingine, na ukiona kitu kinasogea ni mzoga unavutwa na mbwa. Ng'ombe walikufa kwa ukame mwaka ule mpaka hata tai wakashiba wakawa hawaruki.

Nzioka alikuwa fundi wa injini kwenye kiwanda kimoja Athi River. Hiyo ndiyo kazi aliyoandikwa. Ile ambayo hakuandikwa na mtu ilikuwa pampu. Kisima cha mashine kilikuwa kimoja pande zetu zote, na injini yake ya dizeli ilikuwa mzee mwenye kiburi. Ilimsikiza Nzioka peke yake. Alikuwa anaamka alfajiri kuiwasha kabla hajaenda kazini, na akirudi saa kumi na moja jioni hapitii nyumbani kwanza, anapitia pampu. Watu walitoka mpaka upande wa Isinya na punda. Jumapili baada ya kanisa alikuwa anagawa yale mahindi ya manjano ya msaada pamoja na chifu, na Jumanne jioni alikuwa anafundisha wazee kusoma. Usidhani alikuwa mwanaume wa kukimbia nyumba yake. Hapana. Nepi za Kioko alikuwa anafua yeye, nje, kwenye karai, mbele ya watu. Wanaume wakipita walimtania, "Fundi, umeolewa?" Anajibu, "Ndiyo, na nimeolewa vizuri," na anaendelea kusugua. Nani atamlaumu mtu kama huyo? Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu. Sikuwa na wa kumlaumu.

Kwa sababu hakuwahi kuja peke yake. Mahindi ya manjano yalichemka kutoka asubuhi, nyumba inanuka gunia, na jioni yalikuwa bado na moyo mgumu. Nilikuwa nayapima kwa macho, yangu na yake, nikitumaini leo tutakula wawili. Halafu nasikia viatu vyake, na nyuma ya viatu vyake viatu vingine. "Mama Kioko, tuko na mgeni." Leo ni dereva wa lori ameharibikiwa akielekea Namanga. Kesho ni Mzee Kilonzo ambaye barua ya mwanawe inataka kusomwa. Mwaka mzima nilisikia "tuko na mgeni", na mimi mwenyewe sikuwa na mtu wa kuniongelesha. Upande wa pili wa ukuta ilikuwa duka la Mama Njeri, aliyeuza mafuta ya taa na viberiti na habari. Mabati hayana siri. Siku moja namnyonyesha mtoto nikasikia mteja akiuliza, "Kwani huyu Mkamba wa pampu ni bwana ya nani?" Mama Njeri akasema, "Ya kila mtu." Wakacheka. "Na bibi yake je?" "Yule? Yule ni askari wa sufuria." Nilicheka pia, peke yangu, kimya kimya, halafu nikaona machozi yanamwangukia mtoto kwenye sikio.

Kitu kilichokuwa changu peke yangu ni mbuzi. Mama yangu alimleta wakati Kioko alipozaliwa, mbuzi mwenye doa jeupe juu ya jicho la kushoto, akiwa amefungwa miguu juu ya basi kutoka Kangundo, akashusha kamba akanikabidhi mkononi, akasema Nzioka akisikia, "Huyu si wa baba wa mtoto. Ni wako." Nilimwita Syombua, jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, kwa mzaha tu, maana mvua ilikuwa haijulikani iko wapi. Kioko alipofika miezi minne maziwa yangu yalianza kukauka. Syombua alikuwa anatoa nusu kikombe asubuhi, nusu kikombe jioni. Hicho kikombe chenye mdomo wa bluu ndicho kilimvusha mwanangu. Leo ni mwanaume wa kilo mia moja, anaendesha gari la serikali, na ukimwambia alilelewa na mbuzi anakasirika.

Nasieku nilimjua kwa sababu ya Syombua. Mume wake Parsaloi alikuwa amehama na ng'ombe waliobaki kufuata majani upande wa mpakani, akamwacha yeye na watoto wawili na punda. Alikuja pampu kila siku ya pili. Mara ya kwanza alisimama kwenye mlango wangu, hakuniangalia mimi, alimwangalia mbuzi aliyefungwa kwenye mti wa kuanikia nguo, akasema, "Hii yako itakufa Jumapili."

"Nani amekuuliza?" nikamwambia.

"Yeye," akasema, akamwonyesha mbuzi kwa mdomo.

Nilikasirika, halafu nikacheka, na alipoona nimecheka akacheka pia, pengo lake la chini likionekana. Alinichukua siku ile ile, Kioko mgongoni, mpaka kwenye migunga iliyobaki kule bondeni, akanionyesha namna ya kutikisa matawi kwa fimbo yenye ndoano mpaka maganda yaanguke. Mbuzi anakula maganda hayo hata nyasi zikiwa zimekuwa hadithi. Sikujua. Kwetu milimani hatujawahi kufika mahali pa kulisha mnyama kwa fimbo. Tukajaza gunia, tukalibeba kwa zamu. Jumapili ikapita, Syombua yuko hai.

Baada ya hapo akawa anaingia. "Takwenya!" anaita kutoka mlangoni, nami nimejifunza kuitika, "Iko!" Stuli hakutaka, alikaa chini, miguu imenyooka mbele. Chai yangu ya rangi aliionja mara moja akairudisha mezani. "Hii ni maji ya kuosha vikombe," akasema, lakini akaimaliza. Kiswahili chake kilikuwa kama changu cha wakati ule, cha kuokota njiani, kwa hiyo tulielewana vizuri. Hakuna aliyekuwa na maneno ya kumringia mwenzake. Alinitajia ng'ombe wao. Alikuwa anawajua wote kwa jina kama mimi ninavyojua watu: Narok mweusi, Naibor mweupe, Sampu wa madoa, mama ya Sampu, nyanya ya Sampu. Alitaja na kila mmoja aliangukia wapi. Akimaliza ananiambia, "Sasa wewe." Nami namtajia watu wa kwetu: Mueni, Kalekye, Nduku wa kwa mwalimu, aliyeolewa wapi na nani. Yeye alitaja ng'ombe waliokufa, mimi nikataja watu walio hai nisiowaona. Hatukuwa na haja ya kulia. Ukimtajia mtu majina yako yote na yeye akakaa mpaka mwisho, inatosha. Siku zake za kuja nilikuwa nafagia mara mbili.

Mvua ilikuja hatimaye, kama mgeni asiye na aibu, ikalowesha hata waliokuwa wamemtukana Mungu. Wiki tatu baadaye kila mahali pakawa kijani, na hapakuwa na wa kula hicho kijani. Kioko alikuwa ameanza kushika ukuta na kutembea, anakula uji, na Syombua alikuwa na mimba. Mchana mmoja wa Jumamosi nilitoka kukata nyasi mbichi. Nakumbuka nilivyokuwa na furaha ya kijinga, nyasi zimejaa kwenye leso kichwani, maji yake yananidondokea shingoni, nawaza Syombua atakavyoziona. Nilipofika kwenye ule mti wa kuanikia nguo, nikakuta kipande cha kamba kimefunguliwa vizuri, si kukatika. Nzioka alikuwa amekaa mlangoni na Kioko magotini. Vikombe viwili vya chai vilikuwa chini, vitupu.

"Syombua yuko wapi?"

"Keti kwanza, Mama Kioko."

"Nimesimama."

Akaniambia Parsaloi amerudi. Alitembea siku nyingi kutoka huko mpakani na fimbo yake tu. Hakuna hata ng'ombe mmoja. Amekaa hapa, amekunywa chai, hakuomba kitu, alikuwa anaeleza habari tu, taratibu, kama wanavyofanya, mwanzo mpaka mwisho. "Mtoto wetu sasa anakula uji," Nzioka akasema. "Wao hawana hata cha kuanzia. Boma haianzi na fimbo."

"Ungeniuliza."

"Ungesema ndiyo. Nakujua."

"Basi ungeniuliza nikasema."

  Nilishusha nyasi zangu pale chini ya mti. Zilikaa hapo zikakauka, na hakuna aliyethubutu kuziondoa.

Toka siku hiyo nikaacha kumwongelesha. Niliongea na mtoto. "Kioko, mwambie baba yako chakula kiko mezani. Kioko, muulize baba yako kama leo tuko na mgeni." Mtoto ananiangalia tu na uji kwenye kidevu. Nzioka anajibu, "Kioko, mwambie mama yako ahsante." Aliendelea kufua nepi, aliendelea kuwasha pampu. Siku za Nasieku zikapita mara mbili, mara tatu, hakuja, na mimi nilishukuru na nilimngoja, vyote viwili. Mwezi mmoja nilipanga nguo zangu kwenye kikapu ili nirudi kwa mama. Nilifika mpaka barabarani. Nikawaza nitakavyomwambia: nimemwacha mume mwema kwa sababu ni mwema. Nikarudi, nikapangua kikapu, na sikumwambia mtu mpaka leo ninapoandika.

Halafu Nasieku akaja. Ilikuwa asubuhi, nimeinama nje naosha sufuria, na Mama Njeri amesimama kwenye mlango wa duka lake na wateja wawili. Alikuwa amevaa shanga zake nzuri, na mkononi ameshika kibuyu kilichofungwa kifuniko cha ngozi. Syombua alikuwa amezaa. Hakusema Takwenya. Alisimama mbali kidogo kama mtu anayesimama mbele ya mkubwa, uso unang'aa, akaita, "Pakine!"

Nilijua maana yake. Nataka hilo lieleweke, nisije nikajificha kwenye ugeni wangu. Nilikuwa nimesikia wanaume wakiitana hivyo kwenye pampu mwaka mzima. Nilijua ananipa nini na anangoja nini. Mama Njeri na wateja wake walikuwa wamenyamaza wasikie. Nikanyooka, maji machafu yanatiririka kwenye mikono, nikasema kwa sauti, "Mimi naitwa Mbithe."

Mama Njeri akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi. Nasieku hakubadilika uso mara moja. Ulizimika pole pole, kutoka kwenye macho kwenda chini. "Haya," akasema. "Mbithe." Alikuja mpaka kwenye kizingiti, akakiweka kibuyu chini vizuri kisianguke, akageuka akaenda na punda wake, na hata maji hakuchota siku hiyo.

Sikukigusa. Nilikiruka nikiingia, nikakiruka nikitoka, mpaka nikakisukuma kwa mguu chini ya meza. Siku ya tano Nzioka alikiona, akakifungua, akanusa. Maziwa yalikuwa yameganda yakaachana na maji yake. Aliuliza, "Yalikuja lini?" Sikujibu, hata kupitia kwa mtoto. Akakaa kwenye stuli na kibuyu mapajani. "Mimi na Parsaloi tuliitana Pakine siku ile ile nilipompa mbuzi," akasema. "Mke wake hakuja kwangu. Alijua mbuzi alikuwa wa nani. Alikuja kwako." Alienda nje akakimwaga, akakisuuza, akakirudisha mwenyewe. Hatukuongea juu ya jambo hilo tena. Na pia hakutoa kitu changu tena bila kuniuliza, hata kijiko. Aliniuliza mpaka nikachoka kuulizwa.

Parsaloi na Nasieku walihamia Mashuuru mwaka uliofuata. Kila mwaka, mvua ikiisha, Nzioka alienda kuwatembelea siku mbili. Alikuwa anasema kwanza, akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, "Mama Kioko, twende?" Mimi nilikuwa na kichwa kinauma, au kuna kuku analalia, au ni zamu yangu ya kufagia kanisa. Akirudi alikuwa na harufu fulani kwenye pumzi na kwenye shati, ya moshi na maziwa, si mbaya, harufu ya mahali. Nilikuwa nageukia ukutani. Parsaloi alipokufa, Nzioka alienda kumzika peke yake. Akaniletea salamu: mbuzi wa ukoo wa Syombua wamejaa boma, kila binti wa Nasieku ameolewa akiwa na wake. Nikasema, "Vizuri," nikaendelea kuchambua maharagwe.

Mengi mazuri yalisemwa siku ya mazishi na yote ni kweli. Kwamba alichimba choo cha shule kwa mkono. Kwamba mimi nilipougua mwaka mzima alinibeba bafuni kama mtoto. Kwamba hakuna aliyemwita akasema nimechoka. Lakini hakuna aliyesema kwamba mtu akiwa wa watu wote, kuna mmoja anayebaki nyumbani na sahani iliyofunikwa. Ningependa mtu aseme. Na tena sina haki ya kulia sana, maana nilipewa wa kukaa naye, akaja mpaka kwenye kizingiti na shanga zake nzuri. Kuhusu mbuzi nilikuwa na haki, na bado naamini hivyo. Ila hasira ilikuwa ya Nzioka, nikampa Nasieku, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amesimama karibu.

Siku hizi hakuna anayegonga. Maji yanaletwa na maboza, yale malori ya maji, kila ploti ina tangi lake, na ile pampu wameizungushia ukuta. Kwa wiki sita baada ya kumzika niliendelea kupika ugali wa watu wawili, nakumbuka hayupo nikishamaliza kusonga. Jumamosi moja niliuangalia huo ugali mpaka ukapoa. Nikampigia Mwende simu. "Unajua njia ya Mashuuru?"

"Susu, Mashuuru kuna nini?"

"Kuna mtu sikumwitikia."

Hakuelewa, lakini alikuja. Tulipita Isinya, tukashika barabara ya Mashuuru, mimi nimeshika mapajani sukari na majani ya chai na mkate, moyo unapiga kama wa msichana anayeenda kuposwa. Boma tulionyeshwa na wachunga mbuzi. Na mbuzi wenyewe nikawaangalia: wawili watatu walikuwa na lile doa jeupe la Syombua juu ya jicho la kushoto. Labda nilitaka tu kuliona. Nasieku alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, miguu imenyooka mbele, uso kwenye jua. Nilisimama mbali kidogo, mahali anaposimama mtu mdogo. 

"Pakine!" nikaita.

Aligeuza kichwa. Kuku walikuwa wanachakura, wajukuu wake wakaniangalia. Akangoja. Akangoja mpaka Mwende akanishika kiwiko.

"Mimi," akasema pole pole, "naitwa Nasieku."

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka wajukuu wakaja kumpiga mgongo, na yeye anawasukuma, anapiga mkono chini mahali pa kukaa. Nikaketi chini, na magoti haya, ikachukua muda. Hakuitika bado. Alisema, "Habari kwanza," na akaniuliza kama wanavyouliza, mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka. Ugonjwa ulianzia wapi. Nani alikuwa naye. Alikula nini siku ya mwisho. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo, katika watu wote wale.

"Uji wa wimbi," nikasema. "Vijiko vitatu."

"Alisema nini?"

Hilo sikuwa nimemwambia hata Kioko. "Aliuliza kama maji yamefika kwa watu."

"Na wewe je, hakukuulizia?"

"Hakuniulizia."

Akakaa na neno hilo pamoja na mimi, vile vile kama zamani, mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia yamefika."

"Ulifanya vizuri," akasema. Akaita ndani kwa Kimaa, na binti yake akatoka na kibuyu na kikombe. Nasieku alimimina mwenyewe, akipima kwa kidole kwa sababu haoni, akanyoosha mkono mahali alipodhani nipo.

"Kunywa, Pakine. Ile ya kwanza uliiacha ikaganda."

"Pakine," nikasema, nikapokea.

Nilipokiinua, kabla hakijanifika mdomoni, harufu ikanifikia. Moshi, na maziwa. Ilikuwa ile ya pumzi ya Nzioka, ile ya shati lake, jioni anarudi kutoka hapa, nami nimegeukia ukutani. Nilikaa nimeshika kikombe hapo puani muda mrefu. Nasieku alisikia sinywi, hakuuliza kwa nini. Nikanywa yote, na nilipomaliza nikamwomba kingine.